Nina saa 780 na bondi ya milioni 60 mezani: niondoke kwenye Caravan?

BARUA

Wakubwa wa safu hii, shikamooni.

Mimi ni rubani, miaka 27, mzaliwa wa Uyole, Mbeya. Kwa sasa nipo Iringa, narusha Cessna Caravan ya kampuni ndogo ya kukodisha ndege. Safari nyingi ni Nduli kwenda Msembe na viwanja vingine vya Hifadhi ya Ruaha, mara chache Songwe na Songea. Logibuku yangu, daftari la saa za kuruka, inasoma saa 780: 210 za chuoni (105 kati ya hizo nilikuwa peke yangu kama kapteni), 340 za kiti cha kulia cha Caravan, yaani cha rubani msaidizi, na 230 za kiti cha kushoto, cha kapteni. Usiku nina saa 14 tu, za chuoni. Kuruka kwa vyombo, yaani kwa kufuata vipimo bila kutazama nje, nina 38, na 20 kati yake ni za simuleta, mashine ya kuigiza ndege.

Kampuni moja ya Dar es Salaam yenye ndege za abiria za ATR imenipa nafasi ya urubani msaidizi. Watalipia mafunzo, ila nisaini bondi ya miaka 3 ya shilingi milioni 60. Mkataba unasema nikiondoka "wakati wowote kabla ya miezi 36" nalipa milioni 60 zote. Wanataka pia mdhamini mwenye mali isiyohamishika. Mzee yuko tayari kutoa hati ya shamba la miti la Mafinga. Shamba lake jingine kama hilo ndilo aliloliuza mimi nikasoma.

Kapteni mmoja wa hapa ninayemheshimu sana anasema nisiondoke. Nikae kiti cha kushoto mpaka nifikishe saa 1,500, nichukue leseni ya ATPL, ile ya juu kabisa ya urubani, ndipo niende nikiwa na nguvu ya kudai ukapteni.

Lakini nimechoka. Msimu wa Juni hadi Oktoba naripoti saa 11 na nusu alfajiri, na injini ya mwisho nazima saa 12 na robo jioni. Katikati nakaa chini ya bawa Msembe saa 3 au 4 nikisubiri wageni. Meneja anasema nimefanya kazi saa 4 na nusu, maana ndizo nilizoruka. Mafuta najaza mwenyewe, mizigo napakia mwenyewe, na mabegi ya wageni yaliyoandikwa kilo 15, nikiyanyanyua najua si 15. Mzani upo ofisini, hautoki.

Nimepewa wiki 3 nijibu. Niende au nikae?

*Mwana wa Uyole, Iringa*

JIBU

Marahaba, mwana wa Uyole.

Nenda. Lakini usiende na mkataba huo ulivyo, na hati ya Mafinga ibaki kabatini kwa mzee.

Tuanze na logibuku, kwa sababu hapo ndipo ushauri wa kapteni wako unapopwaya. Anakutakia mema, na sehemu kubwa ya hoja yake ni kweli: saa za kiti cha kushoto ni mali. Kosa lake ni kuangalia jumla. Anayekagua maombi ya leseni hatazami jumla peke yake, anashuka safu kwa safu.

Viwango vya chini vya ATPL vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vilivyo katika Kiambatisho Namba 1 ambacho kanuni zetu zimejengwa juu yake, ni hivi: umri wa miaka 21, saa 1,500 kwa jumla, saa 250 za ukapteni, au 500 za ukapteni chini ya uangalizi, saa 200 za safari za kiwanja hadi kiwanja, 100 kati yake ukiwa kapteni, saa 75 za kuruka kwa vyombo, ambazo za simuleta zisizidi 30, na saa 100 za usiku.

Sasa weka zako kando ya hizo. Ukapteni una 105 za chuo na 230 za Caravan, jumla 335. Safu hiyo imejaa tayari. Safari za kiwanja hadi kiwanja ndiyo kazi yako ya kila siku, hatuna wasiwasi nazo. Vyombo una 38, bado 37. Usiku una 14, bado 86.

Hapo kwenye usiku ndipo penye mtego. Viwanja vya hifadhini havina taa, na kazi yote hufanyika mchana kwa kuona kwa macho. Unaweza kukaa Iringa miaka mitano, ukafikisha saa 3,000, na safu ya usiku ikasoma 14 ileile. Usijipe moyo na zile safari za kurudi jua likiwa limezama. Usiku wa kuandika kwenye logibuku hauanzi jua linapozama, unaanza machweo ya kiraia, ule mwanga unaobaki baada ya jua kuzama, yanapokwisha. Kwa latitudo yetu ni kama dakika 20 na kidogo baadaye. Iringa jua linazama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni kutegemea mwezi, kwa hiyo hata ukitua na jua limezama dakika kumi zilizopita, bado ni mchana. Wapo vijana waliojaza saa za jioni kama usiku kwa miaka, zikafutwa zote kwa mkupuo siku ya ukaguzi.

Tatizo la pili ni zile 340 za kiti cha kulia. Caravan imethibitishwa kurushwa na rubani mmoja. Kiambatisho Namba 1 kinasema rubani msaidizi wa ndege ya namna hiyo kwa kawaida anahesabiwa si zaidi ya asilimia 50 ya saa zake kuelekea leseni ya juu, tena pale tu ambapo mamlaka ya nchi ndiyo iliyotaka awepo rubani wa pili. Kama ilitakiwa, 340 zako zinakuwa 170, na jumla yako ya ATPL ni 210 na 170 na 230, yaani 610. Kama uliwekwa pale kwa sababu wakala wa watalii alipenda kuona marubani wawili, au ili ujifunze njia, huenda usipewe hata moja. Hapo unabaki na 440.

Kwa hiyo kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, nenda kwa rubani mkuu wa kampuni uombe mambo mawili kwa maandishi: nakala ya ukurasa wa mwongozo wa uendeshaji, ulioidhinishwa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga nchini, unaosema rubani wa pili alitakiwa katika safari zipi; na sahihi na muhuri wake kwenye kila ukurasa wa logibuku tangu uanze. Fanya hivyo ukiwa bado mwajiriwa. Ukishaondoka kwa uchungu, muhuri huo unaweza kuusubiri miezi sita.

Ukiwa hapo, kagua jambo jingine ambalo marubani wa safari fupi hulipoteza bila kujua. Muda wa kuruka kwa leseni unahesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea kwa nia ya kupaa mpaka inaposimama kabisa baada ya kutua. Kitabu cha ufundi cha ndege mara nyingi huonyesha muda wa hewani tu, kwa sababu ndio mafundi wanaouhitaji kwa matengenezo. Kama umekuwa ukinakili huo wa mafundi, kila safari umejipunja. Dakika 8 kwa safari, kwa safari 600, ni saa 80. Mahali ambapo muda wa kuondoka na kusimama uliandikwa kwenye karatasi za safari, unaweza kurekebisha kwa uhalali: kata kwa mstari mmoja, andika upya, weka sahihi. Mahali ambapo haukuandikwa, acha ilivyo. Usikadirie. Saa za kalamu hukamatwa palepale logibuku inapolinganishwa na kitabu cha ndege, na zikikamatwa tano, hata zile 700 za kweli zinatiliwa shaka.

Baada ya hapo beba kila kitu ukaonane na kitengo cha leseni cha TCAA Dar es Salaam, wakuambie wanazihesabuje. Usitegemee maneno ya mtu wa kantini, wala yetu.

Tuseme umebaki na 610, upungufu ni 890. Kwenye Caravan, ukipata wastani wa saa 55 kwa mwezi ukichanganya msimu na masika, utazimaliza kwa miezi 16 hivi, na usiku bado 14. Kwenye ATR, ndege iliyothibitishwa kwa marubani wawili, saa za rubani msaidizi zinahesabiwa zote. Ukiruka 65 kwa mwezi na 8 kati yake zikawa za usiku, jumla inakamilika mwezi wa 14 na usiku unakamilika mwezi wa 11. Vyombo utavikamilisha mapema zaidi, kwa sababu ATR inaruka kwa vyombo karibu kila safari. Ndiyo maana tunasema nenda. Kiti cha kushoto kimeshakupa kile ambacho kingeweza kukupa kuelekea leseni hii.

Bondi sasa.

Bondi yenyewe si dhuluma. Mafunzo ya ATR ni ghali, na kampuni ina haki ya kujilinda na mtu anayechukua retingi, kibali cha kurusha aina hiyo ya ndege, leo na kesho anapanda ndege kwenda Uarabuni. Ubaya wa huu wako ni kwamba deni halipungui. Umetumikia mwezi 1, unadaiwa milioni 60. Umetumikia miezi 35, unadaiwa milioni 60 zilezile. Dai lishuke kila mwezi kwa 1/36, yaani shilingi 1,666,667. Ukiondoka baada ya miezi 20, imebaki 16, unadaiwa milioni 26.67. Ni hesabu ya kawaida katika bondi za marubani, na kampuni yenye nia njema haitashangaa kuisikia.

Tazama pia miezi 36 inaanza kuhesabiwa lini. Ukisaini mwezi wa kwanza, ukasubiri nafasi ya simuleta hadi wa nne, ukamaliza mafunzo ya njiani, yale ya safari halisi chini ya mkufunzi, mwezi wa nane, halafu mkataba uhesabu tangu siku ya ukaguzi wa mwisho, umefungwa karibu miaka 4. Omba ianze siku mafunzo ya darasani yanapoanza. Wakikataa, basi iwe na tarehe ya kikomo: ianze si zaidi ya miezi 3 tangu kusaini, hata kama wao hawajakutafutia simuleta.

Kisha uandikwe mlango wa kutokea. Deni life lenyewe kampuni ikikupunguza kazi, ikisimamisha ndege, ikishindwa kulipa mshahara miezi miwili mfululizo, au ukipoteza cheti cha afya bila kosa lako. Ukishindwa mafunzo licha ya kujitahidi, usidaiwe retingi ambayo hukuipata. Mkataba usiosema lolote juu ya hayo husomwa na mwenye nguvu kwa faida yake.

Soma kwa makini mstari wa makato. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri kukata deni kwenye mshahara bila ridhaa yako ya maandishi. Watu wengi hutulia wakisikia hivyo. Wasichokiona ni kwamba ridhaa yenyewe iko ndani ya mkataba, aya za mwisho mwisho, na sahihi yako ndiyo inayoitoa. Ukikuta "mfanyakazi anaridhia kukatwa stahili zake zote za mwisho", omba pawekwe kiwango. Na leseni, logibuku na pasi ya kusafiria, asili zake hazikabidhiwi kwa mtu "kwa ajili ya kumbukumbu". Toa nakala.

Kuhusu mdhamini tuna neno moja tu: kataa. Mafunzo ni yako na kazi ni yako, deni nalo liwe lako. Mzee hana uwezo wa kukulazimisha ubaki kazini wala kuizuia kampuni isifunge njia, lakini miti yake ndiyo itakayokatwa. Mwambie hivyohivyo, kwa heshima, kabla hajaenda kwa wakili wa kampuni kwa mapenzi ya mzazi. Badala yake toa dhamana yako binafsi bila mali, au wakulipe mshahara mdogo kidogo mwaka wa kwanza. Kama kampuni haitaki lolote ila ardhi, hapo tunabadilisha jibu letu: subiri nyingine. Saa 335 za ukapteni zinatafutwa.

Waulize pia mambo ambayo hayamo kwenye karatasi. Ndege ngapi zinaruka wiki hii? Zilizopo kwenye picha hazina maana, zilizoegeshwa zikisubiri injini hazikupi saa. Marubani wasaidizi wangapi wako mbele yako kwenye orodha ya ukongwe, na wangapi wameshapata ATPL? Makapteni wangapi wamevuka 60, maana kwa ndege ya marubani wawili kikomo ni 65? Ukapteni katika kampuni ndogo haupandi kwa uhodari, unapanda nafasi inapopatikana. Kama kuna wasaidizi 8 mbele yako na makapteni 2 tu huondoka kila mwaka, nafasi yako ni baada ya miaka 4, hata kama ATPL utaipata mwaka wa pili. Hilo si lazima likuzuie. Ni vizuri kulijua kabla hujamwahidi mzee kwamba mwaka keshokutwa utakuwa kapteni.

Mishahara hatutaichambua sana, ila jua kiasi gani ni mshahara wa msingi na kiasi gani ni posho ya saa za kuruka. Miezi ya darasani na ya simuleta huruki na abiria, kwa hiyo posho hakuna, na wewe unalipa kodi ya nyumba Dar es Salaam. Uwe na akiba ya miezi 4. Na usitegemee kumwona mama kila ruti ya Songwe itakapokuangukia. ATR ikitua inageuza kwa nusu saa, na Uyole iko upande wa pili wa jiji.

Mafunzoni, watu wa Caravan hawaangushwi na mikono. Huangushwa na mazoea ya kufanya kila kitu peke yao. Unaona flapu zinahitajika, mkono umeshafika. Kwenye ATR anayerusha anaita, mwenzake anathibitisha mwendo, anasogeza, anatamka. Miito hiyo iwe mdomoni kabla hujaingia simuleta: bandika picha ya paneli ukutani, kaa kwenye kiti cha plastiki, tamka kwa sauti dakika 30 kila jioni. Jambo la pili ni barafu. Kwa futi 9,500 unazoruka sasa hukutani nayo. Katika tropiki nyuzi sifuri iko kama futi 16,000, na ATR husafiri futi elfu kumi na kitu hadi 20,000 na zaidi kidogo. Kati ya Desemba na Aprili, ukivuka nyanda za juu ndani ya wingu, utakuwa humohumo kwenye barafu. Sura ya barafu kwenye mwongozo wa ATR, pamoja na mwendo wa chini unaoruhusiwa bawa likiwa limeshika barafu, isome mara mbili. Na kama retingi yako ya vyombo imekwisha muda huko porini, ifufue kabla ya kwenda. Mitihani ya nadharia ya ATPL nayo ianze mapema, ukiuliza TCAA matokeo yanadumu kwa muda gani.

Una wiki 3 za kujibu, na huenda mwezi au zaidi wa notisi. Sheria inataka angalau siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, lakini mkataba wako unaweza kudai zaidi, usome. Siku hizo zote bado uko Nduli, na hali uliyoieleza haisubiri ATR.

Meneja wako amekosea hesabu. Kuna muda wa kuruka na kuna muda wa zamu, na kila mmoja una kikomo chake. Zamu inaanza unaporipoti, saa 11 na nusu, na sehemu yake ya urushaji inakwisha injini ya mwisho inapozimwa, saa 12 na robo. Hizo ni saa 12 na dakika 45. Kukaa chini ya bawa Msembe si mapumziko. Mwongozo ukiruhusu zamu kurefushwa kwa mapumziko ya katikati, utaeleza ni saa ngapi na mahali pa namna gani: pawe pametulia, pana kivuli cha kweli, unaweza kujinyoosha na huna ndege ya kulinda. Fungua mwongozo wa uendeshaji, Sehemu A, sura ya mipaka ya muda. Tafuta jedwali la rubani mmoja, maana katika taratibu nyingi kikomo chake ni kifupi kuliko cha wawili. Nakili zamu zako za siku 28 zilizopita kwenye karatasi moja, piga mstari zilizozidi, peleka kama taarifa ya usalama kupitia mfumo wa kampuni, ubaki na nakala yenye tarehe. Usipeleke kama malalamiko ya mshahara. Siku ambayo umechoka kiasi cha kutofaa, sema hufai. Kiambatisho Namba 6 kinamtaka kapteni asianze safari ikiwa rubani yeyote hajiwezi kwa ugonjwa au uchovu, na kapteni ni wewe. Wakikufukuza kwa hilo, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea mgogoro wa kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Usizipitishe ukisubiri simu ya meneja.

Mizigo ndiyo inayotutisha zaidi. Nduli iko kama futi 4,700 juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 26, hewa ya pale ni nyepesi kama ya futi 7,000 na zaidi. Kipima mwendo kikisoma noti 70 (maili za baharini kwa saa), ardhini unakwenda karibu 78. Ndege inahitaji njia ndefu zaidi kupaa, inapanda taratibu, na ikitua inabeba nguvu zaidi ya robo moja hivi ambayo breki lazima ziimeze. Abiria 11, kila begi likizidi kilo 7, ni kilo 77: umebeba mtu wa 12 asiye kwenye karatasi, tena amekaa nyuma ambako anavuta mkia chini. Karatasi ya mizigo ina sahihi moja tu, yako.

Usisubiri mzani wa ofisini. Nunua ule mdogo wa kuning'iniza wa mkononi, wa kupima mabegi, ukae mfukoni mwa mlango wa rubani. Kila safari pima mabegi yote, na andika uzito halisi, si 15. Ukizidi, punguza kwa mpangilio huu: kwanza mafuta, ikiwa yaliyobaki yanakufikisha, yanakupeleka kiwanja mbadala na bado una akiba yako kamili, kisha mabegi makubwa yaende na ndege inayofuata, na mwongoza watalii aambiwe kabla wageni hawajapanda, kisha abiria. Begi likibaki, piga picha ya mzani pamoja na lebo yake, itume kwenye kundi la kampuni saa hiyohiyo pamoja na namba ya safari. Mara tatu za kwanza watakupigia kelele.